Kura za Marehemu Kumi na Tisa

Tulimwacha Mama Masika, kidole chake kikiwa juu ya jina la mia mbili na kumi na mbili la sajili ya wapiga kura. Basi, kidole bado kiko pale pale.

Kavugho Hélène. Mbele ya jina hilo, sahihi ya kalamu ya buluu, mbichi, ya Jumamosi iliyopita.

"Huyu hakupiga kura," alisema Mama Masika.

"Mbona amesaini," alisema Burhani, fundi mitambo wa redio. "Na kura yake imehesabiwa."

"Burhani, mtu huyu nilimtangaza mimi. Amefariki tangu elfu mbili na kumi na tano."

Burhani ni mtu wa Tanga, haishiwi maneno hata msibani. Safari hii aliinama tu, akaitazama sahihi ile upya.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, na nitajifanya sijui kwa nini, habari ni hii. Mama Masika ana miaka thelathini na moja kwenye maikrofoni, tangu Butembo mpaka chumba hiki cha Redio Jamvi, ghorofani juu ya gereji, Jeppestown. Wanaosema Kiswahili Johannesburg wanaweza kubishana kuhusu kila kitu, lakini akisema Mama Masika, mjadala umefungwa. Jumamosi alialikwa mtaa wa La Rochelle kushuhudia uchaguzi wa mwenyekiti wa Jumuiya yao. Octave, mwenyekiti wa siku zote, alipata kura mia mbili thelathini na moja. Zubeda, mwenye spaza yake, kiduka cha mtaani, Diepsloot, alipata mia mbili na ishirini. Saa kumi na moja jioni Mama Masika akawaambia wasikilizaji: "Nilikuwepo, nimeona, uchaguzi ulikuwa safi." Watu wakaamini, wakaenda zao.

Wala hakikuwa kiti cha kupigia picha harusini. Kesho, Ijumaa saa nne asubuhi, mwenyekiti anatakiwa asaini kwa niaba ya wote makubaliano na wenyeji ya kufunga maduka ya wageni Diepsloot. Octave yuko tayari, anasema heri kufunga kuliko kuchomewa. Zubeda alishasema kalamu hiyo hataigusa.

Na sasa, Alhamisi saa saba mchana, sajili ya wapiga kura iko mezani kwa Mama Masika. Burhani aliipataje, tulikubaliana wiki jana tusimuulize.

Mama Masika akafungua droo, akatoa daftari lenye jalada gumu. Humo ameandika kila tanzia aliyoisoma tangu aje Afrika Kusini. Mwaka wa tisini na nne, kule Butembo, aliwahi kumtangaza mwalimu mmoja kuwa amefariki, na kesho yake mwalimu akaja redioni kwa baiskeli kuuliza nani kamuua. Tangu siku hiyo hasomi tanzia mpaka azungumze na mtu aliyeuona mwili, na jina la mtu huyo huliandika pembeni. Kwa hiyo daftari hilo likisema umekufa, umekufa.

"Wewe soma sajili," alimwambia Burhani. "Mimi natazama huku."

Burhani akasoma. Jina la thelathini na nne, yumo daftarini. La sabini na moja, yumo. La tisini, bwana mmoja wa Uvira aliyeangukiwa na jukwaa la wajenzi, naye yumo, amesaini kwa mwandiko mzuri kuliko alipokuwa hai.

Walipofika ukurasa wa mwisho walikuwa na marehemu kumi na tisa.

"Octave alishinda kwa kura ngapi?"

"Kumi na moja."

Wakatazamana. Hapa nitakiri kwa niaba yake jambo ambalo mwenyewe hatalikiri: alifurahi. Mtu wa habari akishika habari mkononi hufurahi kwanza, aibu huja baadaye. Siku tano alikuwa akisikia minong'ono kwamba Jumuiya iliibiwa na yeye ndiye aliyeupitisha wizi kwa sauti yake. Sasa alikuwa na ushahidi kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Leo naanza na hii," alisema. "Nilikosea saa kumi na moja, nitajisahihisha saa kumi na moja. Mdomo ule ule."

"Na majina?"

"Yote kumi na tisa. Nisipotaja majina watasema mzee ameota."

Burhani akakuna shingo. "Mama, kwetu marehemu hasemwi."

"Simsemi. Namtetea."

Mlango ukagongwa mara mbili, taratibu. Anayegonga hivyo Johannesburg nzima ni mmoja tu.

Octave aliingia na koti lake refu la baridi, kofia mkononi, tabasamu la mtu aliyezoea kupokelewa. "Bonjour, Mama Masika. Burhani, salama? Niko natafuta kitabu yangu. Karani anasema ilipotea."

"Iko hapa," alisema Mama Masika. Akiwa na Octave, yeye hurudi bila kutaka kwenye Kiswahili cha nyumbani, ambako wafu ni bafu. "Na bafu bako kumi na tisa beko ndani."

Alitegemea kuona mtu akitetemeka. Octave akavuta kiti, akaketi.

"Kumi na tisa?" alisema. "Mi nilihesabu makumi mbili na moja. Pengine wawili haukubatangaza."

Burhani akaangusha kalamu.

"Octave, wafu walipiga kura."

"Bafu habapigi kura, Mama. Ulikuwa pale tangu asubui. Uliona mufu ku mulango?"

Hakuona. Aliona watu hai na afya zao, wamevaa makoti, wanapuliza viganja kwa baridi.

Octave akaendelea kwa upole, kama anayemfafanulia mgonjwa dawa yake. "Mutu akikufa huku, nani anashugulikia maiti? Ni mimi. Karatasi yake ya ukimbizi inabakia na nani? Na mimi. Alors, kila mwezi kunafika mutoto wa Beni, wa Uvira, hana kitu. Ofisi inamuambia rudia mwaka kesho. Nimupatie karatasi ya mufu, ama nimuache polisi bamukamate ku robot, ku taa ya barabara? Wewe ungefanya nini?"

Mama Masika alilitazama daftari lake. Jibu alikuwa nalo, na halikumpendeza.

"Kwa hiyo waliosaini ni watu hai," alisema Burhani polepole. "Wanaishi kwa majina ya marehemu."

"Bazima kabisa. Beko nakula, beko nalipa nyumba. Sasa soma ile majina ku radio leo. Kesho asubui bote beko Lindela."

Lindela ndiko wageni wanakofungiwa wakingoja kurudishwa makwao, na jina hilo halitajwi mbele ya watu wetu wakiwa wanakula. Mama Masika akalifunga daftari lake. Habari yake nzuri ilikuwa imegeuka kisu, na makali yalielekea kwa watu kumi na tisa wasio na hatia.

Lakini mzoefu ni mzoefu. Lipo swali moja alilojifunza Butembo: mtu akishakueleza yote kwa hiari, uliza alichoruka.

"Uliwaambia wampigie nani?"

Octave akaitazama kofia yake. "Batu banajua nani aliwasaidia."

"Sikukuuliza hilo."

"Mama, mi sikulazimisha mutu. Nilisimama tu karibu na meza."

"Ulisimama karibu na meza ya kupigia kura."

"Ile haiko kosa."

"Umeshika karatasi za watu kumi na tisa, ukasimama wanapoandika. Basi habari yangu ni hiyo. Siyo wafu. Ni wewe na meza."

Octave akainuka. Hakukasirika, na hapo ndipo Mama Masika alipoanza kuogopa kweli. Akachukua sajili yake, akaitia kwapani, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Bon. Mbele ya kusoma, pita kwanza ku nyumba yako. Uliza nani anaitwa Hélène."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema moyo unafanyaje siku unapokunjua nguo. Mama Masika alilirudisha daftari kwenye droo.

"Nipeleke nyumbani, La Rochelle," alimwambia Burhani.

"Eish, Mama. Tutarudi kwa wakati?"

"Nipeleke."

Nyumbani kwa Mama Masika ni vyumba viwili vya kupanga, na anaishi humo na Falonne, mtoto wa mdogo wake, pamoja na Glody, mtoto wa Falonne wa miaka saba. Falonne anasuka nywele pale pale barazani. Alimkuta akimsuka mteja.

"Dada, samahani," Mama Masika alimwambia mteja. "Tupishe kidogo."

Mteja akatoka uani na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Burhani akabaki garini.

"Falonne. Nionyeshe karatasi yako."

Falonne hakuuliza karatasi gani. Alikwenda chumbani, akarudi nayo ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Karatasi ya ukimbizi, ya kuhuishwa kila miaka minne. Picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba ingeweza kuwa ya mwanamke yeyote wa Butembo. Jina halikufifia: Kavugho Hélène.

"Ulipofika hapa nilikuuliza kama umepata makaratasi."

"Haukuuliza, Mama Mukubwa," alisema Falonne. "Nilikuambia nimepata. Ukasema Mungu ni muzuri, ukapika fufu."

Ilikuwa kweli. Miaka thelathini na moja ya kuuliza mawaziri, makanali na maaskofu, na nyumbani kwake hakuuliza. Nyani haoni kundule. Aliona haya mbele ya mtoto aliyemlea, tena haya ya kutaka kukaa chini, akakaa.

"Jumamosi ulimpigia nani?"

"Mi nilitaka Zubeda. Glody alipougua ni yeye alitupeleka ku hopitali na gari yake. Nilikuwa na jina yake mu roho." Falonne alikuwa akivutavuta uzi wa kusukia uliokuwa mkononi. "Octave alisimama pale. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Nikaandika Octave."

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa pale pale."

"Ulikuwa ku mulango. Uliniona nasaini. Ulinichekea."

Mama Masika alikumbuka. Alimwona Falonne akiinama kwenye sajili, akamtabasamia kama mzazi anavyomtabasamia mwanawe siku ya kupiga kura. Hakusogea kusoma alichoandika. Nani husoma? Sisi hatuitani kwa majina ya makaratasi. Mtu ni Mama Glody, ni Falonne wa saluni, ni Kaka wa Uvira, na jina la karatasi analijua mwenyewe na polisi. Ukishuhudia uchaguzi wa watu wa namna hiyo kwa macho tu, bila kusikiliza majina yakisomwa, hujashuhudia kitu.

"Usisome, Mama Mukubwa."

"Sitasoma jina hata moja."

"Hata bila majina. Bakianza kutafuta, batatufikia. Glody ameandikishwa ku masomo na hii karatasi."

"Na wale wa Diepsloot? Kesho saa nne Octave anasaini. Wanafungiwa maduka kwa kura yako."

Falonne akauvuta uzi mpaka ukakatika. Machozi yalimjaa, hakuyafuta. "Basi chagua," alisema. "Bale ba Diepsloot ao mimi."

Mama Masika aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika kumi. Alitamani Octave angekuwa mwizi tu, mwizi wa kawaida, apate kumchukia kwa raha. Octave alimpa Falonne jina la kuishi nalo, kisha akalidai siku ya kura.

"Lazima niende."

"Utasema nini?"

"Ukweli ambao hauna jina lako ndani."

"Ukweli ya namna gani hiyo?" Falonne aliuliza, na Mama Masika akatoka. Mteja alirudi kumaliziwa kichwa.

Saa kumi na moja kamili kipindi kikafunguliwa. Salamu fupi, halafu moja kwa moja.

"Ndugu zangu, Jumamosi saa kama hii niliwaambia nimeona uchaguzi safi. Nilikosea. Niliona watu wakitumbukiza kura, sikuona nani alikuwa amesimama juu ya mikono yao. Kura ya hofu si kura. Mimi niliipa jina la kura mbele yenu, na naomba radhi. Leo sitamtaja mtu. Lakini kama uko nyumbani na Jumamosi uliandika jina ambalo moyo wako haukuwa nalo, piga simu. Usiniambie unaitwa nani. Sema tu kwamba yalikukuta. Mkiwa wengi, kesho hakuna wa kusaini kwa niaba yetu."

Akarudia namba ya redio. Akangoja.

Hakuna aliyepiga. Burhani, upande wa pili wa kioo, alinyoosha mikono: hakuna simu. Mama Masika akarudia namba. Akasoma hali ya hewa, baridi kali alfajiri. Akarudia namba mara ya tatu, na sauti yake ikasikika kwake mwenyewe kama ya mchuuzi aliyekosa mnunuzi.

Kisha Burhani akainua kidole kimoja. Kuna mtu.

"Redio Jamvi, karibu. Usiseme jina lako."

"Mama." Sauti ilikuwa ya chini, na Mama Masika aliijua kabla ya neno la pili. "Mimi nilipiga kura ya woga."

"Asante, dada. Inatosha. Umesema la kutosha."

"Hapana, haitoshi. Bakisikia sauti bila jina batasema ni wewe ulinituma. Nimechoka kuishi na jina ya mufu. Mutu mwenye alisimama ku meza alikuwa—" Falonne alivuta pumzi. "Naanza na yangu. Jina yangu ya kweli ni—"

Mkono wa Mama Masika ulikwenda wenyewe. Ukashusha kitufe cha simu mpaka chini.

Sauti ya Falonne ikatoweka hewani.

Butembo, wakati wa vita, askari wawili waliingia studio na bunduki wakamwamuru amkate mpiga simu aliyekuwa anataja kamanda wao. Alikataa. Mpiga simu alisema mpaka akamaliza, na Mama Masika akapigwa kitako cha bunduki begani, bega ambalo kila baridi ya Juni linamkumbusha. Leo hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Laini imekatika," aliwaambia wasikilizaji. "Samahani, laini imekatika."

Burhani alikuwa akimtazama kupitia kioo. Yeye ndiye aliyejua kwamba laini ilikuwa nzima. Aligeuza uso tu, akajifanya anarekebisha waya, na hilo lilimuuma Mama Masika kuliko kama angemgombeza.

Simu yake ya mkononi ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe. Octave.

"Merci, Mama. Nilijua wewe ni mutu wa familia. Kesho saa ine nitasaini, ukuje na maikrofoni."

Aliusoma mara mbili. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amesimama juu ya mkono wa Falonne, kama Octave alivyosimama mezani. Tofauti ni kwamba Octave alikuwa na watazamaji mia nne, na yeye alikuwa na mji mzima.

Halafu taa za simu zikawaka. Moja, ya pili, ya tano, zote. Burhani akabonyeza iliyotangulia kabla hajaombwa.

"Mama Masika, shikamoo." Sauti ya mwanamke, nzito, ya Tanga, nyuma yake watu wengi wakinong'ona. "Mimi Zubeda, nipo Diepsloot. Hapa dukani kwangu tumejaa, tunakusikiliza. Wengine kesho ndiyo siku yao ya mwisho ya kufungua."

"Marahaba, Bi Zubeda."

"Sina maneno mengi. Huyu dada alikuwa anatuambia kitu, na sisi tulikuwa tunakihitaji. Nakuheshimu, Mama, miaka yote sijawahi kukuhoji. Nina swali moja tu, nijibu ndiyo au hapana na watu wote wakisikia." Minong'ono ya dukani ikakoma. "Laini imekatika, au umeikata?"

Mama Masika alisogea kwenye maikrofoni. Alijua kwamba kule La Rochelle Falonne bado ana simu sikioni, anangoja kusikia mama yake mkubwa atasema nini. Jibu lake ni la wiki ijayo.